Bei ya Zamani

Sehemu ya sita

Mliniacha kwenye ngazi, mguu mmoja juu, mwingine chini, kipaza sauti cha duka kikiita: "Mama Bei na keshia wa kaunta namba tatu, ofisini kwa meneja. Sasa hivi."

Najua wapo walioniombea wiki nzima. Msomaji mmoja amemwandikia mhariri kwamba mimi ni mwanamke jasiri. Ndugu yangu, rudisha pongezi zako mfukoni. Ukimaliza kusoma leo utaona zinamfaa mtu mwingine.

Kwa aliyechelewa nieleze kwa ufupi. Kazi yangu ni kubandika lebo za bei kwenye rafu za supamaketi. Zamani ilikuwa kazi ya kusinzia. Lebo ilikaa mwaka mzima mpaka ikaota vumbi. Lakini tangu serikali ibanwe na madeni yake, na kila kodi mpya imwagwe kwenye mafuta na kwenye kila kinachotoka nje, nabandika mara tatu kwa wiki. Mtaani hakuna anayenisalimia tena. Wananiuliza, "Mama Bei, leo nini kimepanda?" Hizo ndizo habari zangu za asubuhi.

Mume wangu ni dereva wa greda. Barabara aliyokuwa akiisawazisha imesimama mwezi wa tisa sasa. Mkandarasi hajalipwa, na hajalipwa kwa sababu, kama waziri alivyotueleza kwenye televisheni huku akinywa maji ya chupa, wanaolipwa kwanza ni wakopeshaji wa nje. Sisi wa ndani tufunge mikanda. Mume wangu amefunga wake mpaka ameongeza tundu kwa msumari.

Kwa hiyo nyumba yetu inakula mishahara miwili ya duka moja: wangu na wa wifi yangu, mdogo wake mume wangu, keshia wa kaunta namba tatu. Kazi ile nilimtafutia mimi. Ana mtoto wa miezi saba, na baba yake mtoto aliaga anakwenda kununua vocha, hajarudi mpaka leo. Mimi na mume wangu hatujajaliwa, mwaka wa nane huu. Yule mtoto ni wa nyumba nzima, na maziwa yake ya kopo yamepanda bei mara tano tangu azaliwe.

Hapo ndipo ujanja wangu ulipoanzia.

Mlangoni kwetu kuna bango: BEI UNAYOIONA KWENYE RAFU NDIYO UTAKAYOLIPA. Kompyuta ya kaunta ikidai zaidi, keshia anapaswa kuishusha iwe sawa na ya rafuni. Mwanzo keshia alikuwa anainuka kwenda kuhakikisha. Bei zilipoanza kukimbia na foleni ikafika mlangoni, meneja akaamuru keshia asinyanyuke, ampigie kelele Mama Bei. "Maziwa ya kopo?" Mimi najibu kutoka huko niliko, "Mpya!" au "Ya zamani!" Basi, anabonyeza kitufe, foleni inasogea.

Mimi nikawa naibandika lebo mpya juu ya ile ya zamani, lakini naigandisha kona moja tu. Saa nne mtu wangu akiingia, naibandua. Akishalipa, nairudisha. Kamera za duka zinatazama mlango na manukato. Nani atatazama maziwa ya watoto?

Alianza mume wangu. Kisha jirani mmoja akalia mbele yangu, nikamwambia na yeye aje saa nne. Kisha wakaja wengine, na mafuta ya kula, na unga, na sabuni. Nisiwafiche, nilipenda. Nilipenda kushukuriwa. Na kila mmoja nilimwelekeza vilevile: "Usiende kaunta nyingine. Nenda namba tatu, kwa mtu wetu. Yule hatakusumbua."

Mtu wetu hakujua lolote. Nilijiambia kwamba hasara inamezwa na kampuni, na kampuni ina tumbo kubwa.

Basi, tuingie ofisini.

Meneja wetu tunamwita Rula, kwa sababu hakuna kitu asichokipima. Alikuwa na karatasi mbele yake, amezipanga kingo kwa kingo.

"Keshia, kaa," alisema. "Mama Bei, wewe simama tu. Hutachukua muda."

Nilipumua. Anayesimamishwa dakika mbili si mshtakiwa, ni shahidi. Nisameheni, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiwaza.

"Mwezi huu," Rula akasema, "kaunta namba moja imeshusha bei mara tisa. Namba mbili, mara kumi na moja. Wewe, mara sitini na tatu."

Wifi yangu alitabasamu kidogo, kama mtu anayedhani ni kosa la mashine. "Sitini na tatu?"

"Na kila jioni msimamizi akipita kukagua, lebo ya rafuni ni mpya. Bei uliyoshusha haipo. Sasa uliishusha kwa kufuata nini?"

"Kwa kufuata Mama Bei," wifi alijibu upesi. "Sishushi kitu bila kumuuliza. Si ndiyo utaratibu? Nauliza kwa sauti, duka zima linasikia."

"Duka zima linasikia mnapigiana kelele siku nzima. Nimewauliza wenzako. Hakuna anayeweza kuniambia ipi ilikuwa ya nini." Alivuta karatasi nyingine. "Tuchukue moja. Alhamisi, saa nne na dakika kumi na mbili. Kopo moja la maziwa ya mtoto. Nani alinunua?"

"Kaka yangu."

Alisema hivyo hivyo, bila kutafuta maneno. Mtu asiye na hatia hana haja ya kufikiri.

"Kaka yako. Na wewe una mtoto mchanga."

"Ninaye."

"Na hao wengine wote wa sitini na tatu, asilimia kubwa ni majirani zenu. Msimamizi anawafahamu kwa sura."

Niliona rangi inamtoka wifi shingoni kwanza, kisha usoni. Alikuwa ameanza kuona jinsi mambo yanavyoonekana kwa mtu aliyekaa upande ule wa meza.

Rula akanigeukia. "Mama Bei. Alhamisi uliibandika lebo mpya ya maziwa saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, kabla ya kufungua."

Hilo lilikuwa kweli. Nilijishikilia kwenye ukweli huo kama kwenye ukuta.

"Na saa nne alipokuuliza, ulimjibu nini?"

"Sikumbuki kuulizwa."

"Sijauliza unakumbuka nini. Ulimwambia ni bei ya zamani?"

Wifi aligeuza kiti chake chote kunitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu nimsaidie, kwa sababu kila siku nilikuwa namsaidia.

Nikifungua mdomo nikasema ndiyo, sote wawili tunatoka, na nyumba inabaki na mshahara sifuri. Nikisema hapana, anabaki mmoja. Nilizipiga hesabu hizo kwa muda mfupi kuliko unaochukua kusoma mstari huu. Nilizipiga mimi, na aliyebaki kwenye hesabu zangu nilikuwa mimi.

"Hapana," nilisema.

"Wifi?" aliita. Si kwa kelele. Aliita tu.

Nilitazama kalenda ukutani.

Rula akapanga karatasi zake upya. Sauti yake ilishuka, karibu iwe ya huruma. "Na mimi nina wakubwa, na wakubwa wangu siku hizi hawalali. Nakupa mpaka Jumatatu saa nne. Lete tofauti yote na faini yake, au faili liende polisi. Vua aproni uiache."

Tofauti na faini zilifika mishahara yake minne. Wifi alivua aproni, akaikunja vizuri, pindo kwa pindo, akaiweka mezani. Mimi nilivaa yangu mpaka saa ya kutoka.

* * *

Wifi alikuwa ananisubiri nje ya lango la wafanyakazi. Masaa matano, juani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tulitembea mpaka karibu na kituo cha mafuta, pale wanapobadilisha namba za bei kwa ngazi ndefu. Mwanamume mmoja alikuwa juu anang'oa tano anaweka saba. Wifi akasimama kumtazama.

"Wifi, nimefikiri," alisema. "Wewe huna kosa."

Niliinua macho kwa yule mtu wa ngazini.

"Unabandika lebo mia mbili kwa siku. Mimi nikiuliza, unajibu ukiwa umeinama, gundi mkononi, na mtu mwingine anakuita huku. Nani anaweza kukumbuka Alhamisi? Yule alikubana tu kwa maswali yake. Mimi mwenyewe ningesema hapana."

"Usinitetee," nilisema.

"Nikutetee nini? Ulinitoa kijiweni nilikokuwa nauza karanga nikiwa na mimba ya miezi minane. Hata nikifungwa, mwanangu najua yuko kwa nani."

Kama angenitukana ningelala usingizi siku ile. Maneno yale yalinikata maini.

Nyumbani mume wangu alikuwa amembeba mtoto begani, anamwimbia. Wifi alimsimulia yote akiwa amesimama mlangoni, viatu mkononi. Mume wangu alimsikiliza yeye, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Yeye alijua. Ndiye aliyekuja Alhamisi saa nne kamili, kama nilivyomwagiza.

Alinifuata uani nilipokwenda kuanua nguo.

"Mwambie," alisema.

"Nikimwambia, Jumatatu tunakula nini?"

"Yule ni dada yangu."

"Na mimi ni nani wako?"

"Wewe ni mke wangu, na umemwacha dada yangu achinjwe huku unatazama kalenda. Kalenda, mke wangu!"

Wifi alikuwa amemsimulia mpaka hilo la kalenda.

"Kopo lile ulililipia bei gani?" nilimuuliza. "Ulilileta nyumbani, ukachemsha maji, ukakoroga. Hukuniuliza. Leo mimi ndiye mbaya peke yangu?"

Akatoa simu mfukoni na kunionyesha ujumbe. Mkandarasi anawaita madereva wote kesho Jumapili, saa mbili asubuhi, kambini.

"Hawaiti watu kambini Jumapili bure," alisema. "Serikali imelipa. Nikipata hata ya miezi minne, tunamaliza deni la duka na hakuna anayekwenda popote. Hapo utamwambia mwenyewe, taratibu, mkiwa mmekaa. Lakini nisipopata..."

"Utapata."

"Nisipopata, usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Tukakubaliana hivyo, kama watu wanaopanga safari.

* * *

Jumapili aliondoka na mapema, amevaa buti zake za kazi na ile fulana yenye mistari inayong'aa. Wifi alimfutia vumbi mabegani. Mtoto alikuwa anakunywa maziwa yaliyokorogwa mepesi, kijiko kimoja badala ya viwili, ili kopo livute siku.

"Kwenye redio wamesema kila mtoto anayezaliwa nchi hii tayari ana deni," wifi alisema, akimpangusa mdomo. "Huyu hajaota jino anadaiwa. Mama yake naye anadaiwa. Tumefanana."

Alicheka. Mimi nilicheka pia, Mungu anisamehe.

Saa tatu simu yangu ikalia. Ilikuwa Rula.

"Mama Bei, sina mtu wa kaunta namba tatu. Kuanzia kesho unakaa wewe. Mshahara ni wa keshia. Uje saa moja kasoro, aproni safi."

"Mimi?"

"Una macho mazuri ya bei, na huna maneno mengi. Kuna tatizo?"

Nilitazama mlango. Wifi alikuwa amesimama pale, ameshasikia sauti ya simu. Simu yangu ni ya zamani, inapayuka.

"Hakuna tatizo," nilisema.

Nilingoja anirukie. Badala yake alikuja, akanishika mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na anatabasamu.

"Afadhali imekwenda kwako," alisema. "Ingekwenda kwa mwingine ningeumia. Ni nyongeza, wifi! Mtoto atakunywa vijiko viwili."

"Nisikilize kwanza..."

"Usianze kuniogopa. Lete aproni nikufulie. Keshia anakaa mbele ya watu, huwezi kwenda na ile yenye magundi. Mimi najua jinsi ya kuyatoa, ni maji ya moto na sabuni ya unga kidogo."

"Acha, nitafua mwenyewe."

"Nina kazi gani leo? Lete!"

Aliinyakua msumarini, akatoka nayo uani huku mtoto yuko mgongoni. Nikabaki nimesimama katikati ya chumba. Nilijiambia nitasema mume wangu akirudi na pesa. Nikajiambia tena. Nilikuwa nasikia maji yakimiminwa kwenye beseni.

Geti likalia.

Mume wangu aliingia taratibu, mkononi ana glovu mbili za greda. Hakuwa na kitu kingine. Alikaa kwenye kizingiti na kuanza kufungua kamba za buti.

"Wametulipa?" niliuliza.

"Wametuita tuchukue vitu vyetu kwenye mashine. Benki inalichukua greda. Na mkandarasi naye alikopa, akitegemea serikali italipa." Alizitazama glovu. "Mzee mzima kalia mbele yetu. Kasema serikali imemwambia asubiri mwaka mpya wa bajeti. Nimeshindwa hata kumkasirikia."

"Kwa hiyo hakuna?"

"Hakuna." Akainua uso. "Umemwambia?"

Nilitikisa kichwa.

"Basi mwite."

Sikuwa na haja ya kumwita. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mikono inachuruzika maji, aproni yangu imening'inia kwenye mkono wa kushoto. Mfuko wake wa ndani, ule ambao mimi peke yangu huutia vidole, ulikuwa umegeuzwa nje. Mtu anayejua kufua hugeuza mifuko kwanza.

Kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia kulikuwa na lebo.

Niliikumbuka palepale. Alhamisi, baada ya mume wangu kulipa, mpanga bidhaa alikuja na toroli lake akasimama mbele ya rafu ya maziwa. Sikuweza kuirudisha lebo mbele yake. Niliitia mfukoni, baadaye nikachapa nyingine nikaibandika. Hii nikaisahau.

Lebo za kwetu huchapwa na tarehe na saa, chini kabisa, kwa maandishi madogo. Lakini keshia amezoea maandishi madogo.

"Maziwa ya kopo," wifi alisoma. Sauti yake ilikuwa ya kaunta, ile tambarare anayowasomea wateja. "Bei mpya. Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi."

Mume wangu alikuwa na buti moja mguuni.

"Nilikuuliza," wifi alisema. "Saa nne nilikuuliza, ukasema ya zamani. Kaka alikuwa mbele yangu na kopo. Mpya ilikuwa wapi, wifi?"

Alimgeukia kaka yake. Kaka yake aliinamisha kichwa. Basi akawa amepata jibu lake kutoka kwetu wote wawili.

"Mara sitini na tatu," alisema.

"Ilikuwa kwa ajili ya mtoto," nilisema. "Mwanzo ilikuwa kwa ajili ya mtoto."

"Usimtaje."

Nilidhani atalia, au atanipiga. Nilitaka anipige. Alinisogelea, akaitikisa ile aproni mbichi na kunipitishia kichwani. Akanizunguka. Akafunga kamba nyuma, mafundo mawili, kama tulivyokuwa tunafungana kila asubuhi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Maji yalinipenya mpaka tumboni.

Kisha akaja mbele, akaibandika lebo kifuani pangu na kuikandamiza kwa kidole gumba.

"Kesho," alisema. "Utakwenda hivi. Utapanda ngazi, utaingia kwa Rula, utasimama pale uliposimama. Mimi nitafika saa nne kuwasubiri hao polisi. Nikikukuta nayo nitajua. Nikikukuta huna, nitajua pia."

Alimshika mtoto vizuri mgongoni, akachukua kopo la maziwa juu ya kabati na viatu vyake mlangoni. Alimpita kaka yake bila kumgusa. Geti likalia.

"Mfuate," nilimwambia mume wangu. Hakuinuka. Alikuwa anakitazama kifua changu.

Nikainamisha kichwa na mimi. Aproni ilikuwa mbichi, na gundi ya Alhamisi ilishakauka. Lebo ilikuwa imeshika kona moja tu.